Ziara za Nyumbani kwa Mama na Mtoto Mchanga, Dirma

Ziara ya baada ya kujifungua ni huduma ambayo muuguzi, mkunga au mhudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) humfuata mzazi na kichanga chake nyumbani, ndani ya wiki sita za kwanza. Huko Dirma, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, na katika Wilaya jirani ya Mbulu, ugumu mkubwa uko kwenye uratibu: nani apate kwanza habari kwamba mtoto amezaliwa, na habari hiyo imfikie nani kabla ya siku tatu kwisha.

Siku hizo ndizo za hatari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza siku 28, na wengi wa hao huondoka katika wiki ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Kwa familia ya wafugaji yenye boma mbali na barabara, mvua ikinyesha na udongo wa mbugani ukinata, ratiba hiyo haitimii kwa kumngoja mama zahanati.

Kuna pia desturi. Miongoni mwa Wairaqw na Wadatoga, wakiwemo Wabarabaig, mzazi kwa kawaida hukaa ndani kwa muda baada ya kujifungua, akijiepusha na mikusanyiko. Astrid Blystad, mwanaanthropolojia wa Norwei mwenye taaluma ya uuguzi, ameandika kwa kirefu kuhusu uzazi wa Wadatoga wa eneo hili. Desturi hii hulaumiwa mara nyingi kwamba inawanyima akina mama kliniki. Lakini mama anayetawa hupatikana nyumbani. Kwa mratibu wa ziara, hiyo ni nafuu kubwa, mradi mgeni apige hodi kwa heshima na aongee na mama mkwe kabla ya kumgusa mtoto.

Kinachofanyika mle ndani ni kazi ya makini. Mtoto akiwa ametulia, muuguzi humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima; zikifika 60 au zaidi, anahesabu tena, na zisiposhuka ni rufaa. Hutazama kitovu kama kina usaha au kimepakwa kitu, hupima joto, huangalia kama nyayo zimekuwa za manjano, kisha humwomba mama anyonyeshe mbele yake. Mtoto anayekataa ziwa, mwenye degedege, au mwenye joto chini ya nyuzi 35.5 hasubiri kesho. Mama naye huulizwa kuhusu damu, homa na kichwa kuuma.

Kwamba watoto wa huku wanaweza kufuatwa majumbani kwa uhakika, Haydom ilithibitisha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika Wilaya ya Mbulu, ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED kuhusu lishe na maambukizi. Watoto waliandikishwa ndani ya siku 17 tangu kuzaliwa, kisha wahudumu wa utafiti wakawatembelea nyumbani mara mbili kwa wiki hadi umri wa miaka miwili. Utafiti ulikuwa na fedha na watu ambao zahanati ya kijiji haina, na tofauti hiyo isifichwe.

Mikoani Lindi na Mtwara, mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga wa Taasisi ya Afya Ifakara ulitumia wahudumu wa kujitolea waliomtembelea mama mara tatu wakati wa ujauzito na mara mbili baada ya kujifungua. Unyonyeshaji wa mapema uliongezeka, ila vifo vya vichanga havikuonekana kupungua. Mtoto aliyegundulika mgonjwa bado anahitaji oksijeni, dawa na mtu mwenye ujuzi mahali anakopelekwa.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na WAJA 137,294 nchini kwa miaka mitano. Kwa kata kama Dirma, mgawanyo wa kazi unaofaa ni WAJA wa kitongoji kumjua kila mjamzito na tarehe yake ya matarajio, wodi ya wazazi kuijulisha zahanati siku ya ruhusa, na muuguzi kwenda mwenyewe kwa njiti, pacha, mama aliyepasuliwa na yule aliyejifungulia nyumbani. Dharura ikitokea, namba 115 ya m-mama, isiyolipiwa, huita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa.