Kutoka Machela hadi Wikichi

Ukinipa ramani ya hospitali za mkoa wa Njombe, nitakuonyesha nani alipita wapi na alikuja kutafuta nini. Ilembula ni ya Walutheri. Bulongwa, kule Makete, ni ya Walutheri pia. Ikonda ni ya mapadre wa Konsolata. Lugarawa, Ludewa, ni ya Wakatoliki, na Milo ni ya Waanglikana. Pale Kibena kampuni ya miwati ilikuwa na hospitali yake kwa ajili ya vibarua wake. Kwa miaka zaidi ya mia moja tiba katika nchi yetu hii ya baridi ilikuja imeshikana mkono na jambo jingine: dini, kibarua, gome la mti, reli. Hospitali kubwa iliyojengwa kwa sababu moja tu, kwamba watu wanaishi hapa na wanaugua, ni habari ya juzi. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga katika zahanati na vituo vya afya vya huku tangu tulipokuwa chini ya mkoa wa Iringa, na ninaona vijana wanaozaliwa sasa watadhani majengo haya yalikuwapo siku zote.

Wamisionari wa Berlin waliingia Ubena mwishoni mwa miaka ya 1890. Dawa walizileta katika masanduku yale yale yaliyobeba Biblia, na mwenye kidonda aliyefika kwao aliondoka amefungwa bandeji na amesikia mahubiri. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika huku, kituo chao cha Yakobi kilishambuliwa, na Wajerumani wakalipiza kwa kuchoma vyakula mpaka njaa ikamaliza watu waliosalimika na risasi. Vita Kuu ya kwanza ikawaondoa Wajerumani wenyewe. Baadaye Walutheri wa mataifa mengine wakaja kushika kazi, na mwaka 1950 Ilembula ikawa na hospitali. Nimewahi kusikia watu wakiibeza kazi ya misheni kana kwamba ilikuwa chambo tu. Siwezi kukubali. Nusu ya ukoo wetu isingekuwapo bila Ilembula. Lakini ilikuwa kazi ya huruma, na mwenye kuhurumiwa hana pa kudai.

Upande wa serikali ya kikoloni tulijulikana zaidi kama ghala la nguvu kazi. Wanaume wa Njombe walikwenda mkonge Tanga kwa maelfu, wakaitwa manamba, na tangu miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha watu, SILABU. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda. Alitusimulia kwamba walipangwa mstari, wakavuliwa mashati, mtu mwenye koti jeupe akawagonga kifua, akawatazama macho na meno, kisha akatia alama kwenye karatasi. Jirani yake aliyekuwa akikohoa aliambiwa arudi nyumbani, akarudi na kikohozi chake, bila dawa. Ndiyo mara ya kwanza baba kuguswa na mtu wa hospitali, na aliguswa ili ijulikane kama anafaa kukata mkonge. Kuhusu miwati, kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Makoloni la Waingereza, na gome la mti lilikwenda kutengenezea ngozi huko mbali. Aliyekuwa na kibarua alikuwa na pa kutibiwa. Aliyekuwa na shamba la mahindi na viazi alikuwa na machela.

Machela inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu wanaoijua tunapungua. Yalitafutwa majiti mawili yaliyonyooka, ya mwati au mwanzi uliokomaa, marefu kumzidi mtu. Blanketi zito lilikunjwa juu yake na kingo zake zikafungwa kwa kamba ya katani, kwa mafundo ya karibu karibu, maana likilegea kiunoni mgonjwa anakaa kama mtu aliyeangukia shimoni. Wanne walibeba, wengine wanne walifuata mikono mitupu wakingoja zamu. Kupanda mlima kichwa cha mgonjwa kilitangulia. Kushuka walisimama, wakaigeuza, miguu ikatangulia. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu unateleza, kwa hiyo mmoja alikwenda mbele na jembe akichimba vidato. Mpita njia aliyekutana na machela hakuuliza ni ya nani. Alisema kamwene, salamu yetu, akaweka mzigo wake kando, akaingiza bega mpaka mwisho wa kijiji chake, akawaachia wa kijiji kinachofuata. Kwa mjamzito aliyeshindwa kujifungua, bibi mmoja alitembea ubavuni akiwa na khanga na kibuyu cha uji wa ulezi, na ndiye aliyeamua mahali pa kupumzika.

Mama mdogo wangu alibebwa hivyo kwenda Ilembula nilipokuwa darasa la pili. Walitoka jogoo wa kwanza, wakafika jua likiwa limeinama. Yeye alipona. Mtoto hakuwahi. Nilipokuja kusomea ukunga, na mwalimu akatufundisha kuhesabu muda wa uchungu pingamizi kwa saa, nilikuwa nikiona njia ile nzima kichwani, kilima kwa kilima.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyetegemea hospitali kubwa Njombe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali iliamua fedha ziende kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini kuliko kwenye hospitali za mijini. Niliajiriwa katika matunda ya uamuzi huo na bado nauona kuwa uamuzi wa haki. Chanjo, kliniki ya wajawazito, mzani wa kupimia watoto ukining'inia kwenye boriti: mambo haya yaliokoa watoto wengi kuliko chumba chochote cha upasuaji. Pengo lilibaki juu yake. Zahanati ikishindwa, ilipeleka wapi? Serikali ikaingia makubaliano na makanisa, baadhi ya hospitali zao zikawa hospitali teule za wilaya, na kazi kubwa ya kupasua ikaendelea kufanywa na misheni. Kesi nzito zaidi zilikwenda Iringa au Mbeya. Kwa mtu wa mji wa Makambako huko ni zaidi ya kilomita 150 upande wowote atakaoelekea.

Na Makambako ilikuwa imeanza kuwa kitu kingine kabisa. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, madaraja na mahandaki mfululizo. Kambi za Wachina walioijenga zilikuwa na madaktari wao. Kisha barabara ya lami ya Songea ikakamilika katika miaka ya 1980, ikaungana na barabara kuu ya Zambia palepale mjini. Stesheni, njia panda, malori yaliyolala, magunia ya mahindi, gesti, vilabu vya ulanzi. Mji uliota kwa haraka ambayo hakuna zahanati ingeweza kuifuata.

UKIMWI ukatukuta hapo. Nitasema bila kuzunguka: kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini, kazi yetu ilikuwa kuosha, kugeuza na kuzika. Nilikuwa na glavu nilizozifua na kuzianika. Makete walibaki bibi na wajukuu nyumba kwa nyumba. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta maambukizi Njombe ni asilimia 14.8 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1; ule wa 2022/23 ukakuta 12.7, nchi nzima ikiwa 4.4. Ukisoma tarakimu ya pili haraka utadhani hatukufanya kitu. Sehemu kubwa ya tarakimu hiyo ni watu waliokunywa dawa, wakaishi, wakalea watoto wao, na bado wanahesabiwa kwa sababu wapo.

Katika miaka ile ya kliniki za tiba na matunzo ya wenye virusi, CTC, nilijifunza jambo ambalo wapanga ramani za hospitali hawalioni kirahisi. Wagonjwa wangu wengi hawakutaka kliniki ya karibu. Mama wa Makambako alipanda basi akachukulia dawa Njombe, wa Njombe akaenda Ilembula, kadi imekunjwa ndani ya pindo la kitenge, kwa kuogopa kukutana na wifi kwenye benchi. Umbali ulikuwa pazia lao. Kwa hiyo hospitali ya mjini inapofunguliwa, inamwondolea mtu nauli na inamwondolea pazia. Wengine waliacha kuhudhuria kwanza, wakarudi baadaye, walipoona kwamba jengo moja lina kinywa na meno, macho, kisukari, watoto na CTC, na hakuna anayejua nani amekwenda chumba gani. Nashukuru kila mchoraji aliyeweka milango mingi kwenye korido moja.

Mkoa wa Njombe ulizaliwa Machi 2012, ukamegwa kutoka Iringa. Mkoa ni lazima uwe na hospitali ya rufaa. Kwa muda hospitali ya serikali ya Kibena ilibeba mzigo huo, mpaka majengo mapya yaliposimama Wikichi, nje kidogo ya mji. Makambako nayo, ikiwa na halmashauri yake ya mji, ikawa na haki ya hospitali yake. Huu ulikuwa wakati wa ujenzi nchi nzima. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 ulikuwa umeahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na vijiji vikaanza kufyatua tofali. Mtu wa huku anajua maana ya boma: kuta zimefika lenta, fedha zimekwisha, nyasi zinaota ndani, na mtendaji anarudi kuomba mchango mwingine. Tulichanga mchanga, mawe, maji ya kumwagilia zege. Wanaume walikuja kama wanavyokuja kwenye mgowe, kazi ya ushirika ya kulima. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ikatoa shilingi bilioni 1.5 kwa kila halmashauri katika halmashauri 67 kujengewa hospitali, na kazi nyingi zikatumia mafundi wa palepale badala ya mkandarasi mkubwa. Kijana aliyejifunza kupaua kwa kujenga nyumba za kawaida akapaua wodi ya wazazi. Wapo ambao leo wanaitwa mikoa mingine kwa kazi hiyo.

Jengo la namna hii likiinuka, pembeni yake panaota mji. Kwanza wanakuja mama lishe wa mafundi, kisha bodaboda wanatafuta kijiwe, kisha duka la dawa, steshenari ya kutoa fotokopi za kadi za bima, gesti ya wauguzaji, na mwishowe fundi seremala anayeweka majeneza kibarazani. Viwanja vinapanda bei. Aliyekuwa na shamba la viazi karibu na lango ama ameneemeka ama ameuza mapema mno na sasa analiangalia jengo la mwingine. Fidia ni jambo ambalo kila mara huacha watu hawazungumzi, na ningependa wanaopima ardhi wakae na familia nzima, wake na watoto wakubwa wakiwapo, badala ya kumaliza na baba peke yake.

Uzazi umebadilika kuliko kitu kingine. Zamani mama wa mbali alikuja wiki mbili kabla, akalala nyumba ya mama ngojea akipika mwenyewe. Sasa uchungu ukikorofisha, zahanati inapiga 115, namba ya bure ya m-mama, na gari au hata dereva wa kijijini aliyesajiliwa anatumwa. Vilima vyetu havijaondoka, barabara za Lupembe wakati wa masika ni zile zile, lakini anayesubiriwa ni gari na anayepelekwa anafika penye damu ya kuongezewa. Na mazishi pia. Penye mochwari yenye jokofu, marehemu anasubiri wanawe watoke Dar es Salaam au Tunduma, na mazishi yanagharimu zaidi, kwa sababu msiba wa siku moja umekuwa wa siku nne na watu wanakula.

Misheni hazijafa njaa. Ikonda bado inapokea wagonjwa kutoka Songea, Mbeya na Dar es Salaam wanaopita lango la hospitali yetu mpya bila kusimama. Wana sababu. Majengo yalitangulia, watu wa kufanya kazi ndani yake wakafuata kwa mwendo wa polepole, na daktari bingwa kijana hakai kwa moyo mahali pasipo na nyumba ya mtumishi. Tangu 1993 serikali ilipoanza uchangiaji wa gharama, hospitali ya umma si ya bure kwa kila mtu, na kaya ya watu sita iliyokuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka za bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, bado iliambiwa dawa fulani ikanunue nje.

Ila sasa kuna wa kumwuliza. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kuna kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotokana na wananchi. Makaratasi ya mapokezi na matumizi yanabandikwa ukutani. Juzi katika mkutano wa mtaa wetu mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama akauliza wodi ya wazazi ina wakunga wangapi zamu ya usiku. Aliambiwa wawili. Akauliza wa tatu analetwa lini, na mwenyekiti akaliandika swali hilo kwenye muhtasari.