Dubu wa Mississippi na Vifaru wa Lado

Nilikaa Rhino Camp miaka mitatu bila kujiuliza kwa nini makazi ya wakimbizi yana jina la kifaru. Tulifika huko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, baada ya mapigano ya Julai 2016 hapa Juba. Kifaru hatukumwona hata siku moja. Neno lenyewe nilikuwa nikilijua kwa maana moja tu, kile cha chuma cha jeshi, ambacho nilikwisha kukiona zaidi ya nilivyotaka.

Jina hilo linahusishwa na kambi ya wawindaji ya Januari 1910. Mkuu wa kambi alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Lakini ili kumwelewa mwindaji huyu, inafaa tuanze na mnyama ambaye huku kwetu hayupo, yaani dubu mweusi.

Novemba 1902, Roosevelt akiwa bado rais, alikwenda kuwinda dubu katika misitu ya Mississippi. Kiongozi wa msako alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na ambaye hakuna aliyemfikia kwa ujuzi wa dubu katika misitu ile. Collier na mbwa wake walimkimbiza dubu hadi akachoka, akampiga kwa kitako cha bunduki na kumfunga mtini, kisha rais akaitwa aje apige risasi. Roosevelt akakataa. Kumpiga mnyama aliyefungwa aliona ni aibu kwa mwindaji. Mchoraji wa gazeti, Clifford Berryman, alichora kisa hicho, na hapo ndipo ilipoanzia midoli ya dubu inayoitwa kwa jina lake la utani, Teddy. Kinachosahaulika ni kwamba dubu hakuachwa aende zake. Rais aliagiza auawe, akamalizwa kwa kisu.

Sasa turudi huku. Roosevelt na mwanawe Kermit walishuka Mombasa Aprili 1909. Safari ilikuwa ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, Washington. Waongozaji wakuu walikuwa wazungu wawili wazoefu, R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton, lakini mzigo, pamoja na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, ulikuwa vichwani mwa wapagazi zaidi ya 200. Lugha ya safari ilikuwa Kiswahili. Baba aliitwa Bwana Mkubwa. Kermit aliitwa Bwana Maridadi, na ukisoma hivyo unasikia kabisa wapagazi wakicheka jioni motoni. Wabeba bunduki kama Juma Yohari na Kassitura waliandamana na Kermit mbele ya simba na tembo. Kama ilivyokuwa kwa Collier, wao walikwenda na hatari, na mnyama akahesabiwa kuwa wa aliyefyatua risasi.

Mwanzoni mwa 1910 msafara ulivuka hadi Lado. Eneo hili la magharibi ya Nile lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mkataba wa maisha yake tu. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwezi Juni uliofuata Lado ikakabidhiwa Sudan. Juba tunakosomea imo ndani ya mipaka hiyo ya zamani. Roosevelt alikuja kwa ajili ya kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye wanasayansi walimpa jina lake mwaka 1908 tu. Yeye na mwanawe waliua tisa, watano wa baba na wanne wa mwana. Baadaye walitembea kwa miguu kutoka Nimule hadi Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka hapa, wakapanda meli kwenda Khartoum.

Katika vifaru hao tisa hakuna aliyefungwa mtini. Kwa kanuni ya Mississippi kila mmoja aliuawa kwa haki, na hapo ndipo ninapoona kasoro ya kanuni yenyewe. Iliuliza kama mwindaji amejiheshimu. Haikuuliza wanyama wangapi wamebaki, ingawa Roosevelt alijua kwamba ndugu zao wa kusini mwa Afrika walikuwa karibu kwisha kwa bunduki.

Lakini kumtwika yeye msiba wote si haki. Mwaka 1960 vifaru hao walikadiriwa bado kuwa zaidi ya 2,000. Waliowamaliza ni majangili wa pembe, wenye bunduki zilizozagaa kwa sababu ya vita, vya kwetu na vya majirani. Kufikia 1984 walibaki kama 15 tu, huko Garamba, Kongo, karibu na mpaka wetu. Baadaye nao wakatoweka. Sisi pia tumo katika hesabu hii, jambo ambalo darasani hatulizungumzi sana.

Mwaka 1975, huko Shambe, kando ya Nile kaskazini mwa Juba, ndama dume alikamatwa akiwa hai, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia. Walimwita Sudan. Wenzake waliobaki huru porini waliuawa, yeye aliyetekwa akaishi. Desemba 2009 alirudishwa Afrika, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, akalindwa na askari wenye silaha usiku na mchana. Alikufa huko Machi 2018, dume wa mwisho wa aina yake, akiwaacha Najin, binti yake, na Fatu, mjukuu wake.

Mwaka huo alipokufa mimi nilikuwa bado Rhino Camp, nikipanga foleni ya maji.