Kitunguu kimoja kwa zaidi ya pauni 4: Waingereza walivyojifunza kuhifadhi mboga za majira ya baridi

Kipupwe kimeingia. Huku kwetu nyanda za juu asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, na wenye viazi mabondeni wanajua maana yake. Leo sitaanza na dawa wala mbolea. Nitasimulia historia, kisha tutarudi kwenye maghala yetu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nimekuwa shambani na wakulima miaka kadhaa sasa, na akiba nimeiona ikioza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilihamasisha kikundi kimoja kulima viazi mviringo. Tulipanda vizuri, tukapalilia, tukapiga dawa kwa wakati, na mavuno yakawa mazuri kuliko miaka yote. Tatizo ni kwamba tulivuna wote ndani ya wiki mbili, na majirani zetu pia. Bei ikaanguka. Waliokataa kuuza wakarundika viazi sebuleni, karibu na dirisha. Baada ya wiki chache vikawa vya kijani, vingine vikachipua, vya chini vikaoza. Dalali alipokuja akachagua magunia machache, tena ya lumbesa, akaondoka. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, ulitufundisha kulima, hukutufundisha kukaa na mazao." Sikuwa na jibu.

Baadaye nikasoma habari za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nikaona kosa langu si la kwanza duniani. Taifa zima liliwahi kulifanya.

Nchi iliyokula kwa meli

Vita vilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilikuwa inaagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka nje. Ngano, sukari, nyama, siagi, matunda, vyote vilikuja kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zikaanza kuzizamisha.

Oktoba mwaka huohuo serikali ikatangaza kampeni ya kila mwenye kipande cha ardhi kulima chakula. Tukiipa jina la Kiswahili, tungesema "Chimba Upate Ushindi". Watu waliitikia kweli. Bustani za maua zikawa za kabichi. Hata handaki kubwa linaloizunguka ngome ya kale ya Tower of London likagawiwa vipande vya mboga. Mashamba madogo ya kukodi mijini, ambayo kabla ya vita yalikuwa kama 800,000, yalifika yapata 1,400,000 ilipofika mwaka 1943.

Ukihesabu maeneo yaliyolimwa, kampeni ilifanikiwa haraka. Lakini mboga zina tabia yake. Kule kwao mwaka una majira ya joto mafupi na majira ya baridi marefu, ambapo kuanzia Desemba hadi Februari mimea karibu haikui kabisa. Mkulima mgeni hupanda anachokipenda na kinachoota haraka: letasi, maharage mabichi, kabichi za mapema. Vyote hivyo hukomaa pamoja. Mwezi wa Julai na Agosti jirani anamgawia jirani mwenye mboga zilezile. Ukifika Februari, sufuria ni tupu.

Kisa cha kitunguu

Pengo hilo lilionekana wazi zaidi kwenye vitunguu maji. Kabla ya vita karibu vyote vilitoka nje ya nchi. Wachuuzi wa mji wa Roscoff, pwani ya Ufaransa, walikuwa wakivuka bahari kila mwaka tangu karne ya 19. Walikodi mabanda, wakahifadhi mzigo wao humo, kisha wakazunguka mlango kwa mlango na baiskeli zilizoning'inizwa vitunguu vilivyosukwa mikungu. Mwingereza alinunua mkungu, akautundika jikoni, akakata kimoja kimoja hadi ukaisha. Hakuhitaji kujua vitunguu vinakaushwaje wala vinatunzwaje. Kazi hiyo ilifanywa na mtu mwingine.

Juni 1940 Ufaransa ikaanguka mikononi mwa Wajerumani. Baiskeli zikakoma kuja, na nafasi kwenye meli zilizobaki ikawa ya vitu muhimu zaidi. Majira ya baridi ya mwaka ule vitunguu vikapotea madukani. Mapema mwaka 1941 wafanyakazi wa gazeti la The Times la London walichezesha bahati nasibu, na zawadi ilikuwa kitunguu kimoja. Zilipatikana zaidi ya pauni 4. Pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, na kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shambani kilikuwa shilingi 48 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe. Kitunguu kimoja kilikusanya zaidi ya mshahara wa wiki moja na nusu.

Kwa nini wasilime vyao? Walilima, lakini kitunguu hakisameheki. Kinataka mbegu ioteshwe mapema na muda mrefu shambani. Kikikomaa kinataka siku nyingi za ukavu ili shingo ifunge, na kule vuli yao ina mvua na ukungu. Aliyekitia ndani kikiwa na shingo nene na mbichi alikikuta kimeoza kabla ya mwaka kwisha.

Somo likabadilika

Wizara ya Kilimo ikaanza kusisitiza jambo jingine: panda kwa ajili ya majira ya baridi. Ilitoa vipeperushi vingi vya bure. Cha kwanza kilikuwa na mpango wa shamba lenye upana wa futi 30 na urefu wa futi 90, yaani kama mita 9 kwa 27. Mpango ulionyesha kila mstari unapandwa nini, lini, na unavunwa lini, ili familia iwe na mboga mwaka mzima. Sehemu kubwa ya shamba ilipewa viazi, mizizi, vitunguu na jamii ya kabichi zinazostahimili baridi. Vipeperushi vingine vilihusu vitunguu na vitunguu saumu, na vingine uhifadhi.

Mbinu zenyewe hazikuwa mpya. Wakulima wa vijijini walizijua tangu mababu. Kilichofanyika ni kuzichukua kwa wazee na kuzipeleka kwa karani wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe.

Mboga nyingine ziliachwa shambani. Sukumawiki za kwao, liki, na mzizi mweupe unaofanana na karoti uitwao pasinipi vilibaki ardhini, vikachumwa kidogo kidogo. Baridi hugeuza sehemu ya wanga wa pasinipi kuwa sukari, kwa hiyo ule uliopigwa na sakitu ni mtamu zaidi.

Karoti na viazisukari vyekundu vilipangwa kwenye masanduku ya mchanga mkavu, safu ya mboga, safu ya mchanga, visigusane. Majani ya viazisukari yalisokotwa kwa mkono yakakatika, hayakukatwa kwa kisu, maana vikikatwa vibaya vinavuja utomvu. Vitunguu vilikaushwa, vikasukwa kama vya wale wachuuzi wa Roscoff, vikatundikwa penye hewa. Maharage mabichi yalikatwakatwa na kupangwa na chumvi kwenye mitungi, ratili moja ya chumvi kwa ratili tatu za maharage.

Viazi vilikuwa na njia yao, na hii ndiyo iliyonivutia zaidi. Walichagua sehemu iliyoinuka, wakatandika nyasi kavu, wakarundika viazi vikavu kwa umbo la paa la nyumba. Juu yake wakaweka tabaka nene la nyasi kavu. Waliviacha siku chache vitoe jasho, kisha wakafunika kwa udongo na kuupigapiga kwa koleo ili mvua iteleze. Walichimba mtaro kuzunguka lundo, na juu ya mgongo wake wakaacha vishungi vya nyasi vikichomoza, kama bomba la moshi, ili joto na unyevu vitoke. Lundo hilo halikuhitaji bati wala saruji. Likitengenezwa vizuri, viazi vilikaa hadi majira ya kuchipua.

Jambo kubwa ni kwamba viazi havikuingizwa kwenye mgao wakati wote wa vita. Siagi, sukari, nyama na chai viligawiwa kwa kadi. Viazi mtu alinunua alivyotaka, na serikali ilihimiza viliwe kwa wingi ili kuokoa ngano ya meli.

Mwaka 1947: ghala lililoshindwa

Historia hii ingeishia hapo ningeitilia shaka, maana hakuna ghala lisiloshindwa. Vita viliisha 1945 lakini uhaba uliendelea. Ni uhaba huohuo, hasa wa mafuta ya kula, ulioleta ile skimu ya karanga ya Kongwa huku kwetu Tanganyika mwaka 1947.

Mwishoni mwa Januari mwaka huohuo Uingereza ikapigwa na baridi iliyodumu hadi katikati ya Machi. Theluji ikafunga reli na barabara. Ardhi ikawa ngumu kiasi kwamba mahali pengine walitoboa kwa mashine za kuvunjia barabara ili kung'oa mboga. Zile mboga "zilizohifadhiwa shambani" zilikuwepo, ila hazikufikika.

Na yale malundo ya viazi? Tabaka la nyasi na udongo lililotosha kwa baridi ya kawaida halikutosha kwa baridi ya wiki saba. Kiazi kikiganda, maji yaliyomo ndani hupasua nyama yake. Kikiyeyuka kinalegea, kinatoa maji, kinaoza na kulowesha jirani zake. Yapata tani 70,000 za viazi ziliharibika. Kabla ya mwaka kwisha, nchi iliyopita vita vizima bila mgao wa viazi ikaweka mgao wa ratili 3 kwa mtu kwa wiki, yaani kilo moja na ushee.

Sisi tunachukua nini?

Usikimbilie kuiga lile lundo la udongo. Kwao lilikusudiwa kuzuia viazi visigande. Kwetu, hata Makete na Njombe, tatizo kubwa ndani ya ghala ni joto la mchana, mwanga na unyevu. Lundo likikutwa na mvua, umepika viazi vyako. Tuchukue kanuni, tuache umbo.

Kwanza, amua kabla ya kupanda. Jiulize: hiki nitakiuza lini, na hadi siku hiyo kitakaa wapi? Kama jibu la pili huna, punguza eneo au panda kwa awamu, wiki mbili au tatu kati ya awamu moja na nyingine. Wakati wa kipupwe weka kabichi, sukumawiki, karoti na njegere kwenye mabonde yenye baridi. Nyanya, maharage na viazi vipeleke mteremkoni, kwa sababu hewa baridi hutuama bondeni kama maji.

Pili, uhifadhi wa viazi huanzia shambani. Kata majani wiki mbili kabla ya kuvuna ili ngozi ikomae. Vuna siku kavu, tenga vilivyokatwa na jembe uvile au uviuze kwanza. Vya kula viweke gizani penye hewa, juu ya chanja, si sakafuni na si dirishani. Kiazi cha kijani kina sumu, usikile wala usimuuzie mwenzio. Vya mbegu ndivyo vinavyotaka mwanga hafifu, maana huvipa machipukizi mafupi yenye nguvu. Usivichanganye na vya kula.

Tatu, kitunguu kikaushe hadi shingo iwe kavu kabisa. Chenye shingo nene ni cha kuuza wiki hii. Vingine visuke au viache na shingo ya sentimita mbili au tatu, uviweke penye upepo. Usiviweke chumba kimoja na viazi, maana viazi hutoa unyevu.

Nne, kagua kila wiki. Kiazi kimoja kilichooza kina maji ya kutosha kuharibu debe zima. Na usiweke akiba yote mahali pamoja. Mwaka 1947 unatufundisha hivyo.

Ndugu zangu wafanyabiashara, nanyi mnahusika. Waingereza walipomwachia mchuuzi kazi yote ya kutunza vitunguu, siku alipokosekana hawakuwa na pa kuanzia. Mkulima akiwa na chanja yake, nawe ukawa na banda kavu, gunia linaweza kusubiri bei bila kumtia mtu hasara. Kaeni mzungumze kabla ya mavuno, si siku lori limeshafika.

Yule mama aliyeniambia yale maneno alijenga chanja msimu uliofuata, ya miti na nyasi, kwenye kichumba cha giza nyuma ya jiko. Hakuuza vyote kwa bei nzuri, vingine vilioza. Lakini Oktoba bado alikuwa na viazi vya kuuza, na mwaka huo dalali ndiye aliyemfuata.

Anayetaka kuona chanja ilivyo kabla ya kujenga, amwambie afisa ugani wa kata yake ampeleke kwa mkulima aliyenayo. Kazi njema, na poleni na baridi.