Shali za Kashmir

Shali twaijua sote: kitambaa cha sufu cha kufunga kilemba au kutupa begani. Lakini si wengi wajuao ya kuwa zamani kitambaa hicho kiliwashika nyoyo mabibi wa Ulaya, hata mapenzi yao yakawalisha wafumaji wa nchi mbili, kisha yakawatia njaani.

Kashmir ni nchi ya milima, kaskazini mwa Bara Hindi. Wafumaji wake walitumia manyoya laini ya mbuzi wakaao penye baridi kali, Ladakh na Tibet. Kila rangi ilikuwa na kijiti chake, na mfumaji alikipitisha kwa mkono, uzi baada ya uzi. Shali moja ya fahari iliweza kuwashughulisha watu mwaka mzima na zaidi. Pambo lake kuu ni lile lenye kichwa kilichopinda, ambalo katika kanga twaliita korosho.

Napoleon alipoingia Misri mwaka 1798, maofisa wake walizipata shali hizo wakazipeleka kwao Ufaransa. Josephine, mkewe Napoleon, alizipenda mno. Na bibi mkubwa akivaa, nani akubali kuachwa nyuma? Bei ikapanda, na wafumaji wa Ulaya wakaanza kuiga, hasa katika mji wa Paisley huko Uskochi. Hao walisaidiwa na mtambo wa Jacquard, Mfaransa wa Lyon, ulioongozwa na kadi zenye matundu. Sasa hata watu wa kadiri wakapata shali. Mpaka leo Waingereza huliita pambo hilo Paisley, kana kwamba lilizaliwa Uskochi!

La ajabu zaidi, wafanya biashara wa Kifaransa walikwenda Kashmir na michoro yao wenyewe, wakawaagiza wafumaji waifuate. Mwenye kazi akafundishwa kazi yake na mwigaji.

Wala faida haikuwafikia wenye mikono. Mwaka 1846 Waingereza walimwuzia Gulab Singh nchi ya Kashmir kwa rupia laki 75, na katika kodi yake ya kila mwaka wakataka jozi 3 za shali. Wafumaji nao walitozwa ushuru mzito. Mwaka 1865 walitoka barabarani mjini Srinagar kulalamika. Askari wakawatawanya, na baadhi yao wakafa. Huko Paisley nako, biashara iliposimama kuanzia mwaka 1841, maelfu waliishi kwa msaada, hata Malkia Victoria akanunua shali zao ili wengine wamwige.

Kisha ikaja vita ya Wafaransa na Wajerumani, mwaka 1870 hata 1871, na soko la Paris likaanguka. Tena mabibi wakaanza kuvaa magauni yaliyotunishwa nyuma, ambayo shali kubwa haikuyakalia vizuri. Basi, yakaisha. Paisley ilikuwa na viwanda vya uzi wa kushonea, na wengi wakapata kazi humo. Kashmir ilipatwa na njaa kuu tangu 1877 mpaka 1879, na wafumaji, wasio na shamba wala mnunuzi, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufa.