Kijitabu cha dereva na daraja la Rusumo

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ukweli wa maneno hayo niliuona miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka Ngara kwenda Kigali.

Pale Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera, dereva wetu alitoa leseni yake pamoja na kile kijitabu cha leseni ya kimataifa. Askari akavitazama, akaturuhusu. Tukahamia upande wa kulia, mambo yakawa shwari. Mbele kidogo tukasimama kula. Tulipoondoka, barabara ilikuwa tupu na dereva akashika kushoto kama yuko nyumbani. Kwenye kona likatokea lori. Tuliponea chupuchupu.

Kijitabu kile kina asili yake. Mwaka 1909 mataifa yalikutana Paris yakakubaliana juu ya hati ya kimataifa ya magari. Mwaka 1926, Paris hapo hapo, hati ya dereva ikatenganishwa na ya gari. Ikafuata mikataba ya Geneva mwaka 1949 na Vienna mwaka 1968. Hata hivyo, kijitabu hicho ni tafsiri tu ya leseni ya kwenu, na bila leseni yenyewe hakina kazi. Mkataba wa Geneva nao unataka kila nchi iwe na upande mmoja kwa barabara zake zote. Upande upi, hausemi.

Sisi upande wetu tulichaguliwa. Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi. Kila mmoja akaleta desturi ya kwao: huyu kushoto, yule kulia. Hao wakoloni wamekwisha kuondoka, lakini mgawanyo wao tunaukuta kila tuvukapo Kagera.

Basi wewe unayesafiri, usidhani hatari iko mpakani. Mpakani kila mtu yuko macho. Hatari iko baadaye, umeshiba, na hakuna gari la kukukumbusha. Hapo kijitabu hakisaidii. Anayesaidia ni mwenzako aliyeketi kando. Sisi tangu siku ile, kila gari lilipowashwa, tuliita kwa pamoja: "Kulia, bwana dereva!" Naye hakukasirika hata mara moja.