Mfereji Uliomeza Mto

Mto Tana wa leo unaingia baharini Kipini. Zamani haukuwa hivyo. Mdomo wake wa asili ulikuwa kusini-magharibi zaidi, kwenye ufuo huohuo wa Ghuba ya Ungwana, na mto uliokuwa ukipita Kipini ulikuwa mwingine, mdogo, unaoitwa Ozi. Tana ulihamia huko kwa sababu ya mfereji ambao watu waliuchimba kwa mikono, wakitaka tu njia fupi ya mitumbwi.

Mfereji wenyewe unaitwa Belazoni. Ulichimbwa karne ya 19, enzi ambazo masultani wa Witu ndio waliokuwa na sauti upande huu, na hesabu yake ilikuwa rahisi. Mpunga, mahindi na pembe za ndovu zilikuwa zikishuka Tana kwa mitumbwi ya Wapokomo, lakini mdomo wa mto ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi yasiyo na adabu. Ozi nao ulikuwa mtulivu, na kando yake kulikuwa na mji wa biashara, Kau. Kata ardhi kidogo upande wa Chara, unganisha mito miwili, basi, mzigo unafika Kau bila kuonja maji ya chumvi.

Penye mzigo hapakosi mtu wa kudai ushuru. Fumo Bakari, aliyerithi Witu baada ya Ahmed Simba, aliweka watu wake kwenye mfereji wakawa wanatoza kila kinachopita. Kampuni ya Waingereza, IBEA, iliona njia yake ya kwenda bara inabanwa, na mwishoni mwa 1889 ikamtaka awaondoe. Ukumbuke kwamba Witu wakati huo ulikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, kwa hiyo ugomvi wa mtaro wa mitumbwi ulikuwa unasomwa hadi Berlin na London. Mwaka uliofuata Wajerumani waliiachia Uingereza Witu katika mkataba uleule uliowapa kisiwa cha Heligoland, na Oktoba 1890 meli za kivita za Kiingereza zilishusha askari wakauchoma mji wa Witu, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko. Historia ya shuleni ikitaja Witu, huishia hapo. Mfereji wenyewe hautajwi, na kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa sababu maji hayakungoja mkataba. Tana ni mto wa tope, unainua sakafu yake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, na mto wa namna hiyo hutafuta sababu ndogo tu ya kuhama. Mfereji ulikuwa sababu. Mafuriko yakapita mle, yakala kingo, yakapanua, na kabla karne ya 20 haijakolea, mto mzima ulikuwa umeingia kwenye njia ya mitumbwi. Mkondo wa zamani ukabaki ukipungua na kujaa mchanga. Ozi ukawa mdomo wa Tana.

Sasa tuje kwa samaki, maana ndio walionileta kwenye habari hii.

Huko Uingereza kuna watu ambao Januari, baridi ikiwa imekaza, husimama kando ya mifereji ya karne ya 18 iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za makaa ya mawe. Wanarusha samaki bandia wa plastiki au wa bati wenye ndoana, wanamvuta polepole, wakimtafuta samaki mmoja mrefu mwenye meno anayeitwa pike. Wakimpata, wengi humpiga picha na kumrudisha majini. (Jaribu kuwaeleza wavuvi wa Ngao jambo hilo. Utachekwa mpaka jioni.) Pike huwinda kwa macho, kwa hiyo kitu kinachong'aa kinatosha kumdanganya.

Kwenye Tana ujanja huo hauendi mbali. Maji ni mekundu, mkono ukiuzamisha hadi kiwiko huoni vidole. Mwindaji wa huku ni kambare, na yeye hutafuta chakula gizani kwa ndevu zake, kwa kunusa na kupapasa. Chambo lazima kinuke: minyoo, utumbo, kipande cha samaki, kuna wavuvi Afrika Mashariki wanaotumia hata kipande cha sabuni, na kambare anameza. Mbali na ndoana kuna nyavu, kuna migono ya kusuka, na zamani Wapokomo walisifika kwa chusa, si kwa samaki tu bali kwa mamba na kiboko pia.

Lakini kinachomleta kambare kwenye ndoana hasa ni mafuriko. Tana ulizoea kufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na tena baada ya vuli. Maji yakitapakaa kwenye nyasi, kambare na perege hutoka mtoni wakaenda kuzaa kule palipo kina kifupi na chakula kingi. Yakirudi, yanaacha samaki kwenye maziwa ya kandokando, Shakababo, Bilisa na mengineyo, ambayo mengi yake ni vipande vya mkondo ambao mto uliutupa. Kuna hata kamongo, samaki mwenye mapafu, anayeweza kujizika kwenye tope ziwa likikauka akasubiri maji yarudi.

Akasubiri. Lakini bwawa la Masinga lilipokamilika 1981, na uwezo wa kushika mita za ujazo bilioni 1.56, mafuriko yakaanza kupangiwa ratiba na watu wa umeme. Chini yake kuna historia ndefu: Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, kisha Kiambere 1988. Stima unayochajia simu ukisoma hapa, sehemu yake imepita huko. Maji ya bomba Nairobi vilevile, maana bwawa la Ndakaini liko kwenye mto Thika, na Thika ni mtoto wa Tana. Mafuriko makubwa bado huja, tena mabaya. Ya El Niño ya 1997 na 1998 yalibomoa tuta za mradi wa mpunga wa TARDA kule deltani. Yaliyopungua ni yale ya kawaida, ya kila msimu, yale yasiyoua mtu bali yanayojaza ziwa.

Ziwa lisipojaa, mvuvi hahesabu samaki tu. Maji yaleyale ndiyo malisho ya ng'ombe wa Waorma na Wawardei wakati wa kiangazi, na ndiyo shamba la Mpokomo. Mwaka 2012, mwaka uleule delta ilipoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, vijiji vya deltani vilikuwa vikichomwa. Zaidi ya watu 100 walikufa kabla mapigano hayajatulia mwaka uliofuata. Siasa ilikuwemo, bila shaka. Lakini siasa hupata kuni kavu mahali penye maji machache.

Na sasa kuna mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, la kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 5.

Kijiji cha Ozi, chini kabisa karibu na Kipini, kina namna yake ya kumwagilia mpunga ambayo hunishangaza kila nikiifikiria. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, huusukuma mto nyuma, na maji baridi ya juu hupanda yakaingia mashambani yenyewe, bila pampu. Mtindo huo unategemea mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia bahari isije nayo. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni chumvi: mpunga unaungua, na kambare, ambaye hana biashara na maji ya bahari, anarudi juu, kuelekea Belazoni.