Njia Isiyokwenda Sokoni

Kwetu njia ya mlimani huzaliwa na haja. Mama hushusha makaa na mihogo, mtoto hupanda kwenda shule, mchimbaji hufuata mashimo, na nyayo zao ndizo zinazochonga udongo mpaka njia ikaonekana. Hakuna anayeuliza iliamuliwa na nani. Basi tunaposikia kwamba katika milima ya Sierra Nevada, magharibi mwa Marekani, watu zaidi ya 10,000 walijitolea kwa muda wa miaka 17 kutengeneza njia ya kilomita 265 hivi, ambayo haifiki sokoni, wala shambani, wala mgodini, bali inazunguka ziwa na kumrudisha msafiri pale alipoanzia, swali linalotujia kwanza ni swali la haki: ya nini? Tumeona vema kulichukua swali hilo kama lilivyo, maana historia ya mahali pale inalo jibu, ingawa si jibu la moja kwa moja.

Ziwa lenyewe ni Tahoe, lililo mpakani mwa majimbo ya California na Nevada. Liko mita 1,897 juu ya usawa wa bahari, na kina chake ni mita 501, karibu sawa na Kivu yetu. Kabla ya Wazungu kufika palikuwa pa Washoe, watu waliopanda huko kila kiangazi kuvua samaki na kukutana koo kwa koo. Hata jina la ziwa limetoka katika lugha yao.

Mwaka 1859 ikatangazwa habari ya fedha, ile fedha ya madini, chini ya mji uliokuja kuitwa Virginia City, mashariki mwa ziwa. Hapa wenzetu wa Katanga na wa Kivu wataelewa haraka kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Mwamba wa machimbo yale ulikuwa laini, ukiporomoka juu ya wachimbaji. Mwaka 1860 mhandisi aitwaye Philip Deidesheimer akabuni namna ya kuushikilia: magogo yaliyounganishwa kama masanduku matupu, sanduku juu ya sanduku, mpaka pengo lote la mgodi lijae miti. Ubunifu huo uliokoa maisha ya watu, lakini uliumeza msitu. Kwa miaka mingi miteremko ya mashariki ya Tahoe ilikatwa, magogo yakavutwa hadi mlimani, kisha yakateleza na maji katika mifereji ya mbao mpaka bonde la pili. Washoe wakasukumwa pembeni mwa nchi yao wenyewe. Fedha ilipopungua, wengi wakaondoka, na msitu unaoonekana leo kule kwa sehemu kubwa ni ule uliochipuka baadaye.

Tunaeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila hayo njia ile ingeonekana kama mchezo wa watu walioshiba. Kwa miaka mingi kila aliyepanda mlima ule na chombo mkononi alipanda kutoa kitu na kushuka nacho. Waliokuja baadaye, nao wakiwa na sururu, hawakushuka na chochote.

Wazo lilitoka kwa Glenn Hampton, mtumishi wa idara ya misitu ya serikali, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliona kwamba juu ya vilele vinavyolizunguka ziwa ingewezekana kuunganisha duara moja, kwa kutumia upande wa magharibi vipande vya njia ndefu iliyokuwepo tayari, ile itokayo mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, na kuchimba sehemu zilizobaki. Serikali haikuwa na fedha za kazi hiyo. Mwaka 1981 kikaundwa chama cha kiraia kisichotafuta faida; mwaka 1984 udongo wa kwanza ukachimbwa; duara likafungwa mwaka 2001. Kati ya miaka hiyo hapana mengi ya kusimulia kwa fahari, na labda ndiyo sababu inayotufanya tuipende habari hii. Theluji hufunika vilele vile karibu nusu ya mwaka, hivyo kazi hufanyika majira ya joto tu, tena kwa kiasi kikubwa katika siku za mapumziko ya watu wenye kazi zao nyingine. Aliyeanza akiwa na miaka ishirini alimaliza akikaribia arobaini.

Na kazi yenyewe si kufyeka tu. Kwanza huondolewa majani na udongo mweusi ulio juu, mpaka ufikiwe udongo mgumu usiofyonza maji kama sifongo. Kisha njia huinamishwa kidogo sana upande wa bonde, ili maji ya mvua na ya theluji yavuke na kushuka zake, yasiigeuze njia kuwa mfereji. Sisi tunaoishi kwenye vilima vinavyoporomoka kila masika tunajua gharama ya kosa hilo. Mwinuko nao hupimwa: njia ikipanda kwa ukali, farasi huteleza na udongo huchimbika, kwa hiyo huzungushwa polepole, hata ikiwa hatua zitaongezeka mara mbili. Mawe makubwa huviringishwa kwa mitaimbo. Katika misitu iliyohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964 hata msumeno wa mashine hauingii, na gogo lililoanguka hukatwa na watu wawili wanaovutana msumeno, huyu upande huu na yule upande ule.

Hapa mzee wa parokia angetukatiza na kutuambia: kazi ya njia bila malipo tuliifahamu zamani. Ni kweli. Wakati wa Wabelgiji kila mwanaume wa kijiji alidaiwa siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima, na vitani, mwaka 1942, zikafanywa 120. Baadaye, chini ya Mobutu, ikaja salongo, na neno ambalo lingeweza kuwa zuri likachoka midomoni mwa watu kwa sababu lilitamkwa na aliyeshika orodha ya majina. Hatuwezi kuwalaumu vijana wanaposikia «kujitolea» wakatazama pembeni. Tofauti, kwa maoni yetu, haimo katika sururu wala katika jasho. Imo katika hili: mtu wa Tahoe aliweza kutorudi Jumamosi iliyofuata, wala asiitwe na yeyote. Tuongeze neno moja ambalo wasifu wa wajitoleaji husahau. Kujitolea kunadai muda, na muda si wote walio nao. Anayefanya kazi siku saba hawezi kutoa ya nane, na pumziko ambalo kitabu cha Kutoka kinaliagiza hata kwa punda na kwa mgeni bado ni deni kwa wengi, kule na huku.

Lakini jaribu kubwa halikuwa kuchimba. Njia ilipofikiriwa mara ya kwanza, wenyeji wake walikuwa wawili: mwenye miguu na mwenye farasi. Baiskeli za milimani, zilizozaliwa California hiyohiyo katika miaka ya 1970, zikaenea wakati kazi ikiendelea, na waendeshaji wake wakaja na sururu zao. Sasa je? Mtembeaji hushtushwa na chuma kinachoshuka kwa kasi kwenye kona. Farasi huogopa, na farasi akiogopa ukingoni mwa genge si jambo la kucheka. Mwenye baiskeli naye husema: mimi pia nilichimba. Mahali pengine sheria ilikata shauri, maana katika misitu ile iliyohifadhiwa, na katika njia ndefu ya magharibi, baiskeli haziruhusiwi kabisa. Kwingineko ilibidi watu wapatane. Kanuni ikawa kwamba baiskeli humpisha mtembeaji, na wote wawili humpisha farasi.

Tena si kila mlima ni wa burudani. Ukingoni mwa ziwa, mashariki, kuna jabali ambalo kwa Washoe ni mahali patakatifu. Barabara ilikuwa imekwisha kulitoboa mara mbili, mwaka 1931 na mwaka 1957, kisha wapanda miamba wakaligundua na kulipenda. Idara ya misitu ikakataza kulipanda mwaka 2003, wapandaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikalithibitisha katazo. Jabali haliko kwenye ile njia ya duara, lakini ni la ziwa lilelile, na hatukuona haki kuandika juu ya njia bila kulitaja.

Kuna kipande kimoja cha njia, kutoka mbuga ya juu iitwayo Tahoe Meadows kuelekea kusini, ambako ugomvi ulimalizwa kwa kalenda. Siku za tarehe shufwa baiskeli hupita. Siku za tarehe witiri hazipiti, na mwenye miguu hutembea bila kugeuza shingo. Tulipoihesabu kanuni hiyo tuligundua kwamba haigawi sawasawa: mwezi ukiwa na siku 31, tarehe 31 hufuatwa na tarehe mosi, na mwenye baiskeli hungoja siku mbili mfululizo. Naye hungoja, hata kama ni yeye aliyeviringisha jiwe la kona ile.